Kutoka Misioni hadi Shirika: Historia ya Kuwaandaa Watoto kwa Sakramenti katika Kongo ya Mashariki

1. Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Rais Mobutu ulitangaza hatua kali ambazo, pamoja na mambo mengine, ziliziweka shule za makanisa mikononi mwa dola na kulifuta somo la dini darasani. Mahali pake paliwekwa mafundisho ya uraia na ya siasa. Kwa Kanisa Katoliki la Zaire pigo hilo halikuwa la mali na majengo peke yake. Kwa muda wa karibu nusu karne mtoto Mkatoliki alikuwa akiandaliwa kupokea Kitubio, Komunyo ya kwanza na Kipaimara kwenye benchi lile lile alilofundishiwa hesabu, na mara nyingi kwa kinywa cha mwalimu yule yule. Basi swali likazuka katika kila parokia: sasa nani atawaandaa watoto, mahali gani, na kwa namna gani?

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kurudi nyuma. Tutaangalia jinsi watoto walivyoandaliwa kwa sakramenti katika sehemu za Kongo zinazotumia Kiswahili, tangu wamisionari wa kwanza walipofika kwenye pwani ya ziwa Tanganyika mnamo mwaka 1880 hadi siku zetu. Hoja yetu ni hii: shule haikuwa shina la matayarisho hayo, ilikuwa tawi moja, kubwa lakini lililochipuka baadaye. Mambo mawili ndiyo yaliyodumu tangu mwanzo: katekista na lugha. Shule ilipoondolewa, watu waliona wazi nani aliyekuwa akibeba mzigo siku zote.

2. Miaka minne ya kungoja

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi wanawaita Mapadri Weupe, lilianzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu uliondoka mwaka 1878, ukafika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Mwaka 1880 walivuka na kuweka kituo Mulweba, katika nchi ya Masanze. Mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga. Na mwaka 1885 wakapokea Mpala kutoka kwa Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mjumbe wake Émile Storms alikuwa amejenga boma pale. Kutoka huko likaja kukua Kanisa la Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, lililoanzishwa mwaka 1893 chini ya uongozi wa Victor Roelens.

Watu wa kwanza kufundishwa katika vituo hivyo hawakuwa machifu wala wazee. Walikuwa hasa watoto. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaichoma nchi kutoka Maniema mpaka ziwani, na wamisionari waliwanunua watoto waliokuwa wametekwa, wakawalea katika nyumba za yatima. Kwa hiyo parokia za kwanza za Kongo ya Mashariki zilianza kama makao ya watoto wasio na ukoo. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa maana liliacha alama katika mafundisho: mwalimu hakuwa anasaidia kazi ya wazazi, bali alikuwa amechukua mahali pao.

Pamoja na hayo, Lavigerie hakupenda ubatizo wa haraka. Akiiga desturi za Kanisa la karne za kwanza, aliamuru kwamba anayeomba ubatizo apitie miaka minne ya matayarisho: miaka miwili ya mwombaji, kisha miaka miwili ya mkatekumeni. Mafundisho yalitolewa kwa ngazi. Mwanzoni mwombaji alisikia habari za Mungu mmoja, muumba na hakimu, na za amri zake. Mafumbo makubwa zaidi, hasa Ekaristi, yaliwekwa akiba kwa ajili ya mwisho wa safari. Alivaa medali shingoni, alijaribiwa katika mwenendo wake, na kabla ya kupandishwa ngazi aliulizwa maswali. Aliyekuwa katika hatari ya kufa tu ndiye aliyebatizwa bila kungoja.

Kwa wazee wa nchi utaratibu huo haukuwa mgeni kabisa, hata kama wamisionari wenyewe hawakuuona hivyo. Walega walikuwa na bwali, Wachokwe na Walunda walikuwa na mukanda. Humo pia mtoto alitengwa na nyumbani, alifundishwa kwa hatua mambo ambayo asiyeingia haruhusiwi kuyajua, alipewa majaribu, akatoka akiwa mtu mwingine mbele ya jamaa yake, na watu wakafanya karamu. Tunapoona leo jinsi familia zinavyoishughulikia siku ya Komunyo ya kwanza, nguo mpya, wageni kutoka mbali na chakula kingi, tusiseme haraka kwamba ni kuiga Wazungu. Mzazi anayemsindikiza mtoto wake siku hiyo anafanya pia jambo ambalo babu zake walilijua: anaupokea ukoo unaozaliwa upya.

Mmojawapo wa vijana waliopita katika njia hiyo ni Stefano Kaoze. Alibatizwa mwaka 1899, akaendelea na masomo Mpala na Baudouinville, na tarehe 21 Julai 1917 akawekwa wakfu kuwa padri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Miaka isiyofika arobaini ilikuwa imepita tangu kituo cha Mulweba. Mtoto aliyeandaliwa alikuwa amekuwa mwenye kuandaa.

3. Maneno ya mafundisho

Msomaji wa jarida la masomo ya Kiswahili atauliza: watoto hao walifundishwa kwa lugha gani? Jibu linajulikana. Katika vituo vya ziwa Tanganyika, ambako watoto wa makabila mengi walikaa pamoja, Kiswahili kilichukua nafasi ya lugha ya wote, hata pale ambapo lugha za wenyeji ziliendelea kutumika. Lakini watu wachache husimama kufikiri uzito wa jambo hilo. Kiswahili kilikuwa kimefika huko pamoja na misafara ya biashara, na misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na watu. Mtoto aliyetekwa alikuwa amesikia lugha hiyo kwanza katika kinywa cha aliyemfunga. Sasa aliisikia tena ikimfundisha sala.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kundi la kwanza lilitoka katika Kiarabu na lilikuwa limekwisha kukaa katika dini ya Kiislamu ya pwani: dini, sala, ibada, dhambi, toba, neema, roho, malaika, shetani. Wamisionari waliyachukua, wakayapa mahali papya. Kundi la pili lilitoka Ulaya: misa, padri, altare, sakramenti, ekaristi, komunyo. Hayo hayakuwa na maana yo yote katika masikio ya mtoto mpaka aelezwe. Kundi la tatu lilijengwa kwa mashina ya Kiswahili chenyewe, nalo ndilo linalostahili kuangaliwa zaidi. Mwokozi latoka katika kuokoa. Kipaimara ni neno la ustadi: kitu kinachompa mtu uimara. Mtoto anayejua Kiswahili analifungua neno hilo mwenyewe, wakati mwenzake wa Ulaya ni lazima aelezwe maana ya neno la Kilatini.

Lakini neno zito kuliko yote katika kundi hilo ni Mkombozi. Kukomboa ni kulipa ili kilichoshikwa kiachiliwe: rehani, mali, au mtu. Katika shule ya dini ya Ulaya ya wakati ule, kusema kwamba Yesu ni Mkombozi ilikuwa ni kutumia mfano wa zamani sana, ambao watoto hawakuwa wameuona kwa macho. Katika Kibanga haikuwa mfano. Mle ndani walikaa watoto waliokombolewa kwa nguo na shanga, waliokumbuka siku na mahali. Hawakuhitaji ufafanuzi.

Hata hivyo neno hilo lilikuwa na upande wake mgumu. Aliyekombolewa kwa mali ni wa nani? Mmisionari alisema kwamba ni mtoto wa Mungu na mtu huru. Lakini maisha ya kila siku yalimwonyesha mtoto kwamba anakaa katika ardhi ya misioni, analima shamba la misioni, na atafunga ndoa akiwa amechaguliwa mahali katika kijiji cha misioni. Shukrani na utii vilichanganyika katika neno moja. Anayetaka kuelewa kwa nini Wakristo wa zamani waliwaheshimu mapadri kama baba na mabwana kwa wakati mmoja, aanzie hapo.

Jambo lingine la lugha lingali hai. Kiswahili cha vitabu vya sala kilifuata kwa kiasi kikubwa kanuni za pwani. Kiswahili cha nyumbani, Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, kilikwenda njia yake. Mtoto alisoma katika kitabu kwamba Yesu aliwaita watoto. Akitoka nje aliwaita wenzake batoto. Kati ya lugha hizo mbili alisimama katekista. Alisoma jibu kama lilivyoandikwa, watoto wakalirudia, kisha akalieleza tena kwa maneno ya uwanjani. Kazi hiyo ya kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili haikuandikwa katika taarifa yo yote, lakini bila hiyo majibu yangebaki sauti tupu.

4. Mkate wa kawaida na mkate wa Ekaristi

Mwaka 1910 badiliko kubwa lilikuja kutoka Roma. Papa Pius X, ambaye tangu mwaka 1905 alikuwa amewahimiza waamini kukomunika mara nyingi, alitoa mnamo tarehe 8 Agosti 1910 hati iitwayo Quam singulari. Hati hiyo ilisema kwamba umri wa akili, ambao Mtaguso wa nne wa Laterani ulikuwa umeutaja mwaka 1215, ni ule ambao mtoto anaanza kufikiri, yaani kama miaka saba. Ilikomesha desturi iliyoenea Ulaya ya kumngojesha mtoto mpaka miaka kumi, kumi na miwili, hata kumi na minne. Tena ilipunguza kiasi cha elimu kinachohitajiwa: yatosha mtoto ajue, kadiri ya uwezo wake, mafumbo ya lazima, na aweze kupambanua mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida.

Katika misioni zetu hati hiyo ilileta hali ya ajabu. Ilikuwa ikihusu watoto waliokwisha kubatizwa wakiwa wachanga, na kwa kuwa Wakristo wa kizazi cha kwanza walikuwa wamekwisha kuoana na kuzaa, watoto wa namna hiyo walizidi kuongezeka. Hivyo katika kijiji kimoja ungeweza kuwakuta watoto wawili marafiki: mmoja, mwana wa Wakristo, akikaribia meza ya Bwana akiwa na miaka saba au minane baada ya mafundisho ya muda mfupi, mwingine, mwana wa wasiobatizwa, mwenye miaka kumi na miwili, mwenye akili na bidii, akiwa bado katika mwaka wa pili wa uombaji. Utaratibu wa Lavigerie uliwatazama watu wanaotoka nje. Hati ya Pius X iliwatazama waliozaliwa ndani. Parokia ililazimika kushika yote mawili pamoja, na katekista mmoja alifundisha makundi mawili kwa mwendo tofauti.

Hata ule upambanuzi wa mikate miwili haukuwa rahisi kama ulivyoonekana Roma. Maneno hayo yanamdhania mtoto anayekula mkate kila asubuhi. Mtoto wa pwani ya Tanganyika alikula ugali wa muhogo au wa mahindi, na samaki; wa milima ya Kivu alikula maharagwe, viazi na ndizi. Kwake mkate wa ngano ulikuwa ni kitu cha misioni na cha Wazungu. Ikawa mkate wa kawaida wenyewe si wa kawaida. Katekista alipaswa kwanza kueleza mkate ni nini, kwamba kwa watu wa nchi ya Yesu ulikuwa kama ugali kwetu, ndipo aeleze kwamba huu wa altare si chakula cha mwili. Mtoto aliyefahamu hivyo alikuwa amepiga hatua mbili mahali ambapo mwenzake wa Ulaya alipiga moja. Wala hatuoni kwamba hatua hiyo ya ziada ilihesabiwa popote kama elimu.

5. Benchi la shule

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru la Kongo na Makao Matakatifu walitia sahihi mkataba. Misioni zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Baada ya Ubelgiji kulichukua koloni mwaka 1908 mwelekeo huo uliendelea, na katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuzilipia shule za misioni za Kikatoliki kwa utaratibu uliowekwa. Tangu hapo shule na katekisimu vilifungwa pamoja.

Vijijini mtu mmoja aliitwa mwalimu kwa maana zote mbili. Asubuhi aliongoza sala. Kisha alifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Alasiri aliwafundisha wakatekumeni. Siku ya Dominika, padri asipokuwapo, aliwakusanya watu. Mijini mambo yalikuwa makubwa zaidi. Katika Katanga, ambako Wabenedikto walifika mwaka 1910 na Wasalesiani mwaka 1911, kampuni ya Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao katika kambi zilizopangwa. Shule za kambi ziliwekwa chini ya wamisionari. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akabatizwa katika kanisa lililojengwa karibu na kambi, akasomea shule ya kambi, na humo akaandaliwa kwa sakramenti, yote hayo kwa Kiswahili.

Faida zake ni dhahiri. Watoto wengi walifikiwa, walimu walilipwa, mafundisho yalifuata mpango. Lakini hasara nazo zilikuwapo, na zilijitokeza polepole. Kwanza, sakramenti zikaanza kuhesabiwa kama madarasa: mwaka fulani ni wa Komunyo ya kwanza, mwaka fulani ni wa Kipaimara, na anayefaulu anapanda. Pili, wasichana waliandikishwa shuleni kwa idadi ndogo kuliko wavulana, kwa hiyo njia iliyopitia shule iliwapendelea wavulana. Tatu, kwa kuwa shule ya misioni ilikuwa ndiyo mlango wa kuingia katika kazi ya ukarani, ya ualimu au ya ufundi, haikuwa rahisi kupambanua anayetaka ubatizo na anayetaka cheti. Tena mara nyingi mtoto mwenyewe hakujua tofauti. Nne, wazazi walijitenga. Waliona kwamba dini, kama hesabu, ni kazi ya mwalimu. Wao wajibu wao ni kumtuma mtoto na kumnunulia nguo nyeupe.

Tusiwahukumu wazazi hao bila kukumbuka asili ya jambo. Misioni ya Kibanga ilianza kwa kuchukua mahali pa wazazi, kwa sababu wazazi hawakuwapo. Shule ya koloni iliendelea kuchukua mahali pao, ingawa sasa walikuwapo.

6. Jina lililokatazwa na benchi lililoondolewa

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na baada yake miaka ya damu. Tarehe 1 Januari 1962 wamisionari ishirini waliuawa Kongolo. Tarehe 1 Desemba 1964 Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro wakati wa uasi wa Wasimba, na mwaka 1985 alitangazwa Mwenye heri. Katika sehemu nyingi za mashariki mapadri walikimbia, walifungwa au walikufa. Mahali ambapo sala haikukatika, ilishikwa na walei. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza.

Fundisho la pili lilikuja na siasa ya urudio wa uasilia. Mwanzoni mwa mwaka 1972 majina ya kigeni yalikatazwa. Kila raia alipaswa kujiita kwa majina ya mababu, na padri ambaye angempa mtoto wa Zaire jina la kigeni katika ubatizo alitishiwa kifungo. Kadinali Malula aliyepinga alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka huo huo vyama vya vijana vya makanisa vilivunjwa ili wabaki vijana wa chama kimoja tu cha taifa.

Kwa anayeandaa watoto, jina si pambo. Katika mafundisho ya zamani mtoto alijifunza maisha ya mtakatifu ambaye angelichukua jina lake. Jina lilikuwa somo la kwanza analoweza kulibeba mwenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai kwamba mtoto apewe jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, padri aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sasa dola lilidai kinyume chake. Kwa hiyo watoto wengi wakawa na majina mahali pawili: jina moja kwenye karatasi za serikali na shuleni, jina jingine kinywani mwa mama na kwenye sala.

Hata hivyo ni lazima kukiri kwamba swali lililoulizwa kwa ukali lilikuwa swali la kweli. Je, mtoto hawezi kuitwa mtoto wa Mungu kwa jina la babu yake? Sheria mpya ya Kanisa ya mwaka 1983 ilijibu kwa upole: inatosha jina lisiwe kinyume na moyo wa Kikristo. Ukatazo wa dola ulilegea baada ya mwaka 1990, na majina ya ubatizo yakarudi hadharani. Lakini siku hizi mtoto hubeba yote, la babu na la mtakatifu, na katekista ana nafasi ya kueleza mawili badala ya moja.

Halafu likaja tukio la 1974 tulilolianza nalo. Katika muda wa miaka isiyozidi mitatu matayarisho ya watoto yalipoteza chama cha vijana, jina na benchi. Shule zilirudishwa chini ya uendeshaji wa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, baada ya dola kushindwa kuziendesha. Lakini Kanisa lililozipokea halikuwa tena lile la 1974.

7. Shirika

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za waamini. Uamuzi huo ulikaa miaka kadhaa kama mbegu katika ardhi kavu. Taabu za miaka ya 1970 ndizo zilizoumwagilia maji. Katika Kivu jumuiya hizo ziliitwa shirika: familia za mtaa mmoja au kilima kimoja zinazokutana, kusoma Neno, kusaidiana katika misiba, na kujuana kwa majina.

Watoto walifuata huko. Katekista aliyekosa darasa alipata ua wa jirani au kivuli cha mti. Mtoto anayeomba Komunyo ya kwanza hakuletwa tena na orodha ya shule. Aliletwa na wazazi na shirika lake, ambalo lilipaswa kusema kama linamjua na kama wazazi wake wanashiriki. Kazi ya ukatekista, ambayo shuleni ilikuwa hasa ya wanaume, ilishikwa zaidi na akina mama. Vitabu vya ibada vilivyotoka baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano viliunga mkono mwendo huo: utaratibu wa kubatiza watoto wa mwaka 1969 uliweka wajibu wa kwanza juu ya wazazi, na ule wa watu wazima wa mwaka 1972 ulirudisha katika Kanisa lote ukatekumeni wa ngazi. Wazee wa Tanganyika wangeweza kutabasamu. Kile ambacho Roma iliwapa Wakristo wa dunia nzima mwaka 1972 kilifanana sana na kile walichokipitia wao tangu siku za Kibanga.

Tusipambe mambo. Shirika halikuleta mishahara. Katekista wengi wanafundisha bila malipo, wakiacha shamba au soko kwa saa kadhaa kila juma. Ushuhuda wa majirani unaweza kugeuka kuwa kisasi: mtoto akacheleweshwa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, au kwa sababu baba yake hajatoa mchango. Lakini vita vilipoanza mashariki mwaka 1996 na watu wakaanza kukimbia kutoka kilima hadi kilima, ilionekana kwamba kitu kisichotegemea jengo kinaweza kubebwa. Majirani waliokimbia pamoja walibeba pia sala zao na aliyezifundisha.

8. Hitimisho

Tumeona vipindi vitatu. Katika kipindi cha misioni mtoto aliandaliwa na watu waliochukua mahali pa ukoo wake. Katika kipindi cha shule aliandaliwa kama mwanafunzi anayepanda darasa. Katika kipindi cha shirika ameletwa na familia yake mbele ya jirani zake. Katika vyote vitatu, aliyesimama mbele yake alikuwa mtu wa nchi yake, akimfundisha kwa Kiswahili. Taarifa za zamani zinahesabu mapadri, majengo na waliobatizwa. Kazi ya mwalimu wa alasiri huonekana kwa nadra.

Jambo hili si la historia tu. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za umma yalipotangazwa kuwa ya bure, madarasa yamejaa, zikiwamo shule nyingi zinazoendeshwa na Kanisa chini ya mapatano ya 1977. Kishawishi cha kurudisha sakramenti zote benchini ni kikubwa, kwa maana huko watoto wanapatikana kwa urahisi, na orodha iko tayari. Historia haisemi kwamba shule haifai. Inasema tu kwamba yule anayeweka mayai yote katika kapu la shule amekwisha kuonywa mara moja.

Mwishowe, tungependa wanafunzi wetu waichukue kazi hii. Katekista wazee wa Moba, Uvira, Kasongo na Lubumbashi wanazidi kututoka, na pamoja nao inatoweka ile sanaa ya kueleza jibu la kitabu kwa Kiswahili cha uwanjani. Maelezo hayo ni sehemu ya historia ya lugha yetu sawa na mashairi na hadithi. Ye yote mwenye daftari na subira aende akae nao, awaulize jinsi walivyomweleza mtoto mkate, jina na Mkombozi, na ayaandike maneno yao kama walivyoyasema.